Utando Ndani ya Mpira

Kwa Raheli, ule mpira mwembamba ulioingia chini ya mtulinga wa binti yake ndio uliokuwa Edina mwenyewe. Homa ya matumbo ilimtoboa binti utumbo, madaktari wakamfungua tumbo, wakamshona, wakapiga marufuku kitu chochote kupita kinywani. Mishipa ya mikono ilikuwa imechomwa mpaka ikakauka yote, na ya miguu haikuonekana. Kilichobaki ni mpira huo, ulionunuliwa kwenye mojawapo ya maduka ya dawa yaliyochipuka mjini tangu watu binafsi waruhusiwe kuuza, na maji ya sukari yaliyopita humo ndiyo yaliyokuwa ugali wake. Siku ulipowekwa, Daktari Anyitike alitokwa jasho, kisha akasema, "Mama, huu ukichomoka sina pengine pa kuweka."

Heri asingemwambia hivyo. Mwanamke aliyetoka Bahi na kikapu na khanga mbili aligeuka askari. Aliyetaka kutandika kitanda alitandika chini ya macho yake. Hata mchungaji, alipokuja kuombea wagonjwa na kunyoosha mkono kuelekea bega la Edina, aliambiwa aombee kichwani. Raheli aliufunga mpira kwa kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe, manesi wakamsifu, naye akavimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Ila kulikuwa na jambo aliloliona akalimeza. Kila Sista Tumsifu alipofungua dripu mpya, haukupita muda binti akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mara ya kwanza Raheli alidhani ni baridi. Alipoona yamejirudia, alifunga mdomo. Akisema, watautoa mpira. Wakiutoa, mtoto atakufa njaa mbele ya macho yake. Woga ulimwambia anyamaze, naye akautii.

Walimpa Edina kwinini, wakampa sindano za kila aina, homa ikapanda tu. Asubuhi moja daktari akaja na uso wa mtu aliyekesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumepima tena damu ya Edina. Ina fangasi."

"Fangasi wa miguuni?"

"Ndugu zao. Hawa wameingia kwenye damu. Dawa yao ndiyo hii tunayompa tangu juzi. Kutetemeka hakunishangazi, maana dawa yenyewe hutetemesha watu. Lakini homa ilitakiwa iwe imeanza kushuka." Akautazama mpira. "Mama, umewahi kupika pombe?"

Raheli aliona aibu mpaka masikioni. Mumewe, Bartolomayo, alikuwa mzee wa kanisa. Sista Tumsifu akajifanya anapanga vidonge.

"Zamani," alisema. "Kabla ya kipaimara."

"Mtungi wa pombe ukiusuuza, ukamimina uji mpya, inakuwaje?"

"Uji unaumuka wenyewe. Ule utando wa ukutani hautoki kwa kusuuza."

"Hata kwa maji ya moto?"

"Yanaondoa wa juu tu. Wa chini unabaki umejificha. Ukichoka nao, unauvunja mtungi." Alipokwisha kulitamka hilo, aliuona mpira chini ya kitambaa chake.

"Fangasi hawa ni ukoo mmoja na chachu," daktari alisema taratibu. "Wakipata mpira wenye sukari hujishikiza humo, wakatanda. Dawa inapita juu yao, wao wanaendelea kumwagika kwenye damu. Lakini sina hakika. Wanaweza kuwa wanatoka tumboni. Nikiutoa bure, nimemnyima chakula, na mshipa mwingine huenda nisiupate."

Wodi ilikuwa na watu wengi, lakini Raheli hakusikia yeyote. Alitazama midomo ya Edina iliyopasuka kama tope la mbuga likikauka. Alijua kwamba daktari anangoja kitu ambacho yeye anacho.

"Si dawa inayomtetemesha," alisema.

"Unasemaje?"

"Alitetemeka kabla hamjaileta. Hata kwa maji matupu ya sukari. Wakifungua tu huo mpira, anaanza. Nimeona, daktari. Nimeona nikanyamaza, mkiutoa atakula nini?" Akalia waziwazi, bila kujifuta.

Daktari hakumgombeza. Aliuliza tu kama ana hakika.

"Utoe," Raheli alisema, akakifungua kitambaa kwa mikono yake.

Ulitoka kirahisi, mpira ule uliowatisha wote siku zote hizo. Daktari aliupasua kwa wembe juu ya trei. Ndani kulikuwa na utando mweupe, unaoteleza. Raheli aliutambua: ulikuwa uleule wa mtungini.

Kisha ikaja kazi ya mshipa. Daktari alichoma kifundo cha mguu, akakosa. Akachoma mguu wa pili, akakosa tena. Sista Tumsifu aliacha kujifanya anafanya kazi nyingine. Daktari alipochoma pale juu ya unyayo, damu ikarudi, nyembamba, lakini ikarudi. Wakafungua dripu.

Raheli alishika blanketi, akangoja. Upepo ulirusha vumbi dirishani. Kitanda hakikugonga ukuta. Dawa ikafuata, Edina akatikisika kidogo, akatulia. Siku iliyofuata homa ilikuwa ileile, na Raheli akajilaani kimoyomoyo kwa kusema. Keshokutwa yake, jioni, aliweka kiganja kwenye paji la uso wa binti, akakiondoa, akakirudisha. Palikuwa pamepoa.

Edina akafumbua macho.

"Mama, wameutoa?"

"Wameutoa."

"Afadhali. Ulikuwa unaniletea baridi."

Raheli akamwinamia. "Ulijua?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ulivyokuwa unaulinda, mama," Edina alisema. "Nilikuonea huruma."

 Raheli alimfunika blanketi polepole, akauacha nje ule mguu wenye sindano, bila kitambaa, ili yeyote anayepita auone.