Mkuu wa Ufundi wa Kampuni Tatu

Kwa miaka tisa Bisibisi alitengeneza vyumba vya baridi vya mji mzima bila kuajiriwa na mtu. Kampuni tatu zilimwita kwa kibarua, kila moja kwa siku zake, na mojawapo ilikuwa ya mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwa hiyo mgeni wa kiwanda cha ng'ambo alipokuja kutafuta mshirika wa kuuza mitambo yake, fundi huyo alipigiwa simu tatu, zote zikisema lilelile: kesho wewe ni mkuu wetu wa ufundi, njoo msafi.

Saa tatu alikuwa mkuu wa ufundi katika ovaroli ya buluu, kwa tajiri aliyeitwa Marumaru, ambaye sakafu ya ofisi yake iling'aa hadi mtu akaogopa kuikanyaga. Saa sita alikuwa mkuu wa ufundi wa kampuni ya pili, katika ovaroli ya kijani. Saa tisa akaingia mbio kwa mjomba, ghorofani juu ya duka la matairi, katika ovaroli ya kijivu yenye karatasi ya bei mgongoni.

Mgeni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada, sisi tumeonana leo?"

"Labda umemwona pacha wake," mjomba akadakia. "Kwao wamezaliwa wengi."

"Mjomba, acha." Aibu ilimpanda Bisibisi hadi masikioni. "Ni mimi, bwana. Kote kule ni mimi."

Mgeni akacheka hadi machozi. Kisha akamuuliza: kama uamuzi ungekuwa wake, angemchagua nani?

"Marumaru ana ghala zuri, lakini mtambo ukizima hapokei simu. Yule wa pili mwaminifu, ila ana mdomo mchafu, mafundi hawakai. Mjomba hana kitu. Lakini mteja akiharibikiwa, anakwenda kukaa naye mpaka nifike."

Mjomba hakujua ashukuru au anune.

Mgeni aliandika yote, akaaga, na baada ya wiki mbili akamteua Marumaru. Fomu ya makao makuu ya kiwanda ilitoa alama kwa ofisi, magari na kufahamiana na wakubwa. Kuhusu fundi iliuliza tu kama yupo. Marumaru alijibu yupo.

"Njoo basi, kibarua kama kawaida," Marumaru akampigia.

"Mkuu wa ufundi haendi kwa kibarua," Bisibisi akajibu, akakata simu.

Mitambo ya vyumba vinne vya kwanza ilifungwa na watu wa kuokoteza. Mwezi haukuisha, samaki wa wateja wakaanza kunuka. Kiwanda kikaleta mtaalamu kwa ndege. Siku ya pili, akiwa hoi, akawauliza wachukuzi nani anaijua mitambo hii. Wakamwonyesha duka la matairi.

Bisibisi alikubali kwa masharti mawili: mkataba wa kudumu wenye jina lake, na mafundi awachague yeye. Uwakala wa kuuza mitambo akanyang'anywa Marumaru, akapewa mjomba.

Mgeni naye akaandikia makao makuu kwamba fomu yao imefanya kazi vizuri sana, ila inahitaji muda kidogo. Bisibisi alisomewa taarifa hiyo na mgeni mwenyewe akiwa juu ya paa, feni mkononi.

"Waambie nashukuru," akasema. "Halafu nishikilie ngazi."