Kona kwa Kona

Mke wa fundi seremala alipofariki, watu walimshauri mumewe aagize jeneza kwa fundi mwingine, maana mganga hajigangi. Akagoma.

"Nimewatengenezea mtaa mzima," alisema. "Wangu mimi ndiye akalale kwenye mbao za mtu?"

Aliyemshikia ncha ya futi ni binti yake. Nyumbani walimwita Kimya, kwa sababu hata akikanyagwa mguu alisubiri mkanyagaji aondoke mwenyewe. Baba alikuwa hajalala, macho mekundu, nyundo inamponyoka. Siku zote alipima sanduku kona kwa kona. Siku hiyo akasahau. Alipima ubavu wa kushoto, wa kulia, kichwani, miguuni. Akapima mfuniko. Upande kwa upande, sawasawa.

"Basi. Vimelingana."

Kimya aliangalia lile sanduku, akakumbuka darasani. Wiki ileile mwalimu wa hesabu alikuja na vijiti vinne vilivyofungwa kwa uzi, mstatili safi kabisa. Akasukuma kona moja kwa kidole, umbo likalala. Vijiti ni vilevile, urefu uleule, lakini mstatili umeshageuka msambamba.

"Pembetatu mbili zikilingana pande zote tatu, zimelingana, tumemaliza," alisema mwalimu. "Pembe nne msiziamini hivyo. Pande zitawadanganya. Pimeni ulalo, kona hadi kona ya mkabala."

Na sanduku la mama lilikuwa limelala. Kidogo tu.

"Baba, pima na kona kwa kona."

Sauti yake haikufika hata kwenye randa ya baba. Aliyeisikia ni baba mdogo, aliyekuwa anapiga msasa pembeni.

"Makubwa! Leo bubu kasema. Mwanangu, baba yako kashika msumeno kabla hujazaliwa. Mwache na msiba wake."

Kimya akayameza yaliyobaki.

Kesho yake mama akalazwa ndani ya sanduku, majirani wamejaa sebuleni. Mfuniko ukaletwa, ukakataa. Kona moja ulitokeza nje kama sikio. Nyingine, penye miguu, uliacha upenyo, shuka jeupe likachungulia. Baba akaugeuza. Akaugandamiza kwa goti. Mtu akaguna, na shangazi akaanza kulia upya.

"Kona kwa kona, baba!"

Sebule nzima iligeuka. Kimya mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake ilivyo kubwa.

Baba akachukua futi. Akapima ulalo mmoja, akapima wa pili. Akasimama pale kama aliyepigwa kofi.

"Mtoeni," alisema.

Wakamlaza mama kwenye mkeka. Kimya alishika miguu, baridi, mizito kuliko alivyodhani miguu ya mama inaweza kuwa. Baba na mdogo wake wakapindua sanduku, wakazibana zile kona zilizokimbiana mpaka ulalo wa kwanza ukalingana na wa pili. Kisha wakapigilia ubao wa kukatiza chini, kona hadi kona. Sasa zilikuwa pembetatu mbili, na pembetatu haisukumiki. Kila msumari ulipoingia, waombolezaji walifumba macho.

Mfuniko ukakaa.

Baba mdogo aliangalia chini. Baba akafuta jasho kwa mkono wa shati, akamsogelea binti yake.

"Wakati mwingine ukiona kitu," alisema, "piga kelele."

Kimya akaitikia kwa kichwa. Wakati mwingine upi, alijiuliza. Mama alikuwa mmoja.