Hisa Themanini za Orval

Trent Buchholz alianza kumwita Ardis "Mama" siku ya mazishi, kabla kahawa ya kanisani haijapoa. Miaka yote tangu amwoe Renae, binti yake Ardis, alikuwa akimwita Ardis tu, tena kwa sauti ya mtu anayemwita mhudumu wa mgahawa. Sasa ikawa Mama huku na Mama kule, na kila Mama ilikuja na mkono begani. Ardis aliuacha ule mkono ukae, kama mtu anavyomwacha nzi wa majira ya baridi asiye na nguvu ya kuruka.

Orval, mume wa Ardis, alizikwa Februari. Aprili, theluji ya uani ikiwa imebaki mafungu meusi kama masizi, Trent alikuja Jumapili na Renae na bahasha ya karatasi zinazong'aa. Alikuwa mshauri wa fedha kule mjini St. Cloud. Maana yake, alichukua asilimia moja ya mali za wajane kila mwaka na kuwatumia kalenda wakati wa Krismasi. Hakuvua viatu mlangoni. Alipita navyo hadi chumba cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha Orval na kuwasha kompyuta.

Katika kompyuta ile mlikuwa na programu ya hesabu za nyumbani. Orval, fundi wa matrekta, alikuwa ameitumia tangu enzi za watu kununua programu kwenye visanduku madukani. Kila hisa aliyonunua, kila gawio lililoingia, aliliandika mwenyewe kwa vidole viwili. Hakukubali programu ijivutie habari kutoka kwa dalali wa hisa. "Nikitaka mtu wa kuniambia nina nini, nitamuuliza mke wangu," alizoea kusema. Ardis alimsomea karatasi ya dalali, naye akaandika na kurudia kwa sauti, Ardis akasema ndiyo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya Jumamosi, kama wengine wanavyocheza karata.

"Mama, hebu njoo uone maajabu," Trent aliita.

Ardis alikuja akifuta mikono.

"Programu inasema mna hisa mia nne na themanini za kampuni ya rangi. Dalali anasema mia nne kamili. Nani mwongo?"

"Dalali hana sababu ya kudanganya."

"Basi mwongo ni mzee."

"Trent," Renae alisema kutoka mlangoni.

"Nini? Natania. Mzee mwenyewe alipenda utani." Hakupenda, angalau si wa Trent. "Na hii je? Tazameni. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika, 'Upepo wa kaskazini. Viazi na nyama ya kusaga.' Jamani, hii ilikuwa akaunti ya hisa au ya chakula cha mchana?"

Alicheka peke yake. Kisha, bila kuuliza mtu, alibonyeza palipoandikwa kwamba programu ilinganishe hesabu na ya dalali. Kisanduku kikauliza kama ana hakika. Trent alikuwa na hakika. Hisa themanini zikafutika, bila mnunuzi wala bei, na mstari wa kijani wa thamani ya akaunti uliokuwa ukipanda miaka yote ukaporomoka mwishoni kama mtu aliyekosa ngazi.

"Kwisha kazi. Dakika moja," alisema. Halafu akauonyesha mstari kwa kidole. "Ila hasara hii hapa, Mama, sijui alikuwa anakuficha?"

Ardis alimtazama. Mtu amevunja sahani mbele yako, kisha anakuonyesha vipande na kukuuliza kwa nini umeolewa na mvunja sahani. Na huyu alikuwa na cheti ukutani.

"Hiyo hasara umeiweka wewe sasa hivi," alisema.

"Mama, mimi kazi yangu ni hii." Mkono ukaja begani. "Kusema kweli hata haina maana. Akaunti ilikuwa kwa jina lake. Mtu akifa, kodi inaanza kuhesabiwa kwa bei ya siku aliyokufa. Aliponunua, alinunua kwa ngapi, hakuna anayejali. Tufute yote tuanze ukurasa mpya. Usaini hapa na hapa, akaunti inahamia kwangu, wewe unapumzika."

Kuhusu kodi alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuudhi Ardis zaidi, kwamba mtu wa namna ile anaweza kuwa sahihi na bado akawa mpumbavu. Orval alikuwa amemwachia mambo mawili tu ambayo hakuyarithi mtu mwingine: miaka ya Jumamosi zao mle ndani, na uwezo wa kuendesha nyumba yake bila kuomba ruhusa. Trent alitaka kuyaondoa yote kwa kalamu moja, tena kalamu yenye jina lake ubavuni.

"Sisaini kitu ambacho hesabu yake imekosewa," alisema.

"Ahaa! Basi irekebishe." Trent alisimama, akamkonyeza Renae. "Nipe mpaka Jumapili ijayo. Ukipata zile themanini zilikotoka, sitataja tena karatasi hizi. Usipopata, unasaini. Haki au si haki?"

"Haki," Ardis alisema.

Waliondoka na nusu ya keki yake ya rubabu, yale mabua machachu. Trent aliibeba.

Jumatatu, baada ya uji, Ardis alikaa kwenye kile kiti. Kwanza alikifuta kile alichokiweka mkwewe. Mstari ukarudi juu, na zile themanini za uongo nazo zikarudi. Kisha akaanza kusoma tangu mwanzo, mstari mmoja mmoja. Hakuwa na ujuzi wowote wa pekee. Alichokuwa nacho ni muda.

Alisoma siku mbili. Katika maelezo ilipita mvua ya mawe, na kuku wa kuoka, na barafu ya ziwa kupasuka. Alisoma namna kampuni ya rangi ilivyogawanya hisa zake mwaka 2014, kila moja ikawa mbili, na Orval akaandika, "Utajiri wa karatasi. Joto. Mahindi mabichi." Alicheka kwa sauti katika chumba kitupu, kisha akanyamaza kwa sababu hakuna aliyeuliza anacheka nini.

Siku ya tatu alirudi nyuma kidogo, kwenye mwaka 2012. Mwaka ule mvua ya mawe ilikuwa imeharibu paa, na pesa zote zikaenda kwa mafundi. Hawakununua hata soksi. Lakini pale katikati ya Novemba Orval alikuwa amenunua hisa themanini za kampuni ya rangi. Kwenye maelezo ameandika: "Theluji ya kwanza. Supu ya Ardis, nusu bakuli."

Ardis aliondoa mkono kwenye kipanya.

Mwaka 2012 Orval alikuwa akila mabakuli matatu na kuulizia mkate. Nusu bakuli ilikuja baada ya upasuaji. Ilikuwa Novemba iliyopita, 2021, alipokuwa amevaa koti ndani ya nyumba na kukataa kuandikiwa. Vidole vyake vilipishana, moja ikatangulia mbili. Hisa hizo alizinunua kweli, lakini kwa kuwa aliziandika kabla ya ule mgawanyo, programu ilizizidisha nazo mara mbili, themanini zikawa mia na sitini.

Pale ilipokuwa, nusu bakuli ile ilikuwa na miaka tisa mizuri mbele yake. Akiirudisha mahali pake, ilikuwa na miezi mitatu. Alisema "ndiyo" kwa sauti, kama alivyozoea, akabadilisha mwaka. Mia nne. Sawa na dalali.

Jumapili Trent alikuja na kalamu ikiwa tayari mkononi.

"Haya, Mama, tumeshindwa?"

Ardis aliwaonyesha. Alieleza kwa maneno machache, na Trent akawa anatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Sawa, sawa, mwaka umekosewa. Bahati nzuri umeona. Lakini ndiyo nilichokuwa nasema mimi! Mzee hakuwa sawa, na wewe utakosea vilevile. Saini tu, ile ilikuwa mzaha."

"Mimi sikutania."

"Mama, usiwe mkaidi. Watu wa umri wako..."

"Jina langu ni Ardis," alisema. "Uliliweza vizuri tu mpaka Februari." Akaikunja bahasha ya karatasi zinazong'aa, akamtilia mfukoni mwa koti kama mtu anayemrudishia mtoto kichezeo chake kilichovunjika. "Chukua na kalamu yako hiyo. Ninazo za kanisani, zinaandika."

Trent aligeuka kumtazama mkewe, akingoja amcheke mama yake pamoja naye. Renae hakuwa akiwatazama. Alikuwa ameinama kwenye kioo cha kompyuta, akisoma.

"Hii ndiyo Novemba ambayo nilisema nitakuja kumwona Baba," alisema.

"Ndiyo," Ardis alisema.

"Tulienda kuangalia boti."

"Renae, twende," Trent alisema. "Akikosea tena asinipigie simu mimi."

"Hatakupigia," Renae alisema bila kuinua kichwa. "Nenda kawashe gari."

Akaenda, na viatu vyake vikaacha tope njia nzima hadi mlangoni. Renae akavuta kigoda cha cherehani na kukaa. Baada ya muda honi ililia nje, kitu ambacho hakuna mtu wa mtaa ule anayekifanya, Jumapili au siku nyingine. Ililia tena.

"Kahawa ipo bado," Ardis alisema.

Renae akamsogezea kikombe kitupu.