Usimwachishe Fizikia kwa Maneno ya Bi Redio

Maneno yenyewe yaliletwa na Bi Redio, amesimama juu ya kistuli, sketi yake ikipimwa pindo. Mteja huyo hakupewa jina hilo bure. Habari ikianza kunong'onwa mtaa wa pili, yeye ameshaifikisha wa tatu.

"Binti yako bado yumo kwenye fizikia?" aliuliza. "Mtoe, dada. Mpwa wangu yuko chuo kikuu, kaniambia kwa mdomo wake. Fizikia ilibaki kidogo tu imkoseshe nafasi. Inashusha alama zote. Na wasichana ndio kabisa, chuo hakiwatazami."

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kujibu. Kwa kuwa hakujibu, maneno yakapata mahali pa kukaa. Yalimganda. Akishona, anayasikia. Akipika, anayasikia. Yeye aliishia shule ya msingi, akatoka pale moja kwa moja hadi kwenye cherehani, na mambo ya sekondari kwake yalikuwa kama nyumba ya watu: unaona madirisha yake, hujui ndani kuna nini. Atabishana na nani?

Na siku zilikuwa zinambana. Ijumaa, bintiye alitakiwa arudishe karatasi ya masomo ya kuchagua, fizikia au biashara, ikiwa na sahihi ya mzazi. Nyumbani binti huyo aliitwa Maswali.

"Fizikia umepata ngapi?" mama alimwuliza wakiwa wanakunja vitambaa dukani.

"Nusu, na kidogo juu."

"Na biashara?"

"Nzuri."

"Basi tunajadili nini? Biashara."

"Mama, mimi nataka kutengeneza miguu."

Mama alilijua hilo. Alikuwa akishonea mikanda karakana ya viungo bandia kule hospitali, na Maswali ndiye aliyekuwa akiipeleka. Akitumwa apeleke na kurudi mara moja, alikuwa akirudi jioni, mikono myeupe kwa plasta, akieleza habari za magoti mpaka chakula kinapoa.

"Miguu utatengeneza ukiwa umeingia chuo," mama alisema. "Chuo chenyewe ukikikosa, utatengeneza nini? Sitii sahihi kwenye fizikia. Mpwa wa Bi Redio yamemkuta."

"Mpwa wa Bi Redio anasomea nini?"

Mama alikunja upya kitambaa alichokwisha kukikunja. Hilo hakuwa ameliuliza.

"Sasa mama, yamemkuta yapi?"

Ijumaa asubuhi mama alikata shauri. Alimwambia Maswali avae sare, achukue karatasi yake, wakamtafute huyo mpwa wamsikie wenyewe, maana kubishana na mtoto mwenye hoja kunachosha kuliko kutembea. Walimkuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu, kazi aliyokuwa akiifanya chuo kikifungwa, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo mama. Skrini au chaji?"

"Marahaba mwanangu. Fizikia."

Kijana aliinua kichwa. Mama akamweleza yote aliyoyasikia kutoka juu ya kistuli. Kijana alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Shangazi huyo. Mama, mimi nasoma sheria. Nilimwambia kwamba kwenye sheria fizikia haikunisaidia, na alama zangu za fizikia zilikuwa za kusikitisha. Basi. Mambo ya wasichana sijayagusa hata kidogo, hayo kayaongeza njiani."

"Kwa hiyo fizikia haishushi?"

"Inategemea unataka kwenda wapi. Binti anataka kusomea nini?"

"Miguu bandia," Maswali aliwahi kujibu.

"Mimi hiyo siijui, nisikudanganye. Waulizeni wanaoifanya."

Mama alihisi kitu kikimlegea mabegani, na hapo hapo kingine kikimwasha miguuni. Alianza kutembea kwa kasi hata Maswali, mwenye miguu mirefu, akawa anakimbia nyuma. "Mama, taratibu." "Taratibu ya nini? Leo Ijumaa."

Mama hakuwahi kuingia karakana ile. Mikanda yake ilikuwa ikiingia, yeye hapana. Alisimama mlangoni macho yakimtoka. Ukutani nyayo za bandia zilipangwa kama viatu dukani. Mezani palikuwa na goti peke yake, halina mtu, na linakunjika. Katikati ya chumba, dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, anajaribu mguu wake mpya, jasho linamtoka. Na juu ya paja lake, mama aliutambua mkanda aliouunganisha mwenyewe.

"Maswali, umekuja wakati mzuri," alisema mkuu wa karakana, mwanamke wa makamo mwenye aproni nzito. "Mtazame akitembea. Unaona nini?"

Maswali alichuchumaa. Alifuata unyayo kwa macho hatua mbili bila swali hata moja, jambo ambalo mama yake hakulizoea.

"Uzito hauji katikati. Unamvutia nje. Unyayo umekaa ndani mno."

Mkuu alishika spana, akazungusha kidogo tu, wala usingesema amefanya kitu. Dereva alipiga hatua. Akapiga nyingine. Mkono mmoja ukaachia chuma, halafu wa pili, akafika mwisho wa vyuma akageuka bila kushika popote.

"Huu sasa wangu," alisema dereva.

Vinyweleo vilimsimama mama. Hakujua kama amechekelea au amelia, alijua tu amemshika Maswali mkono kwa nguvu.

"Alichokiona binti yako ndiyo fizikia," mkuu alimwambia. "Nyama na mifupa ni biolojia, vipimo ni hesabu. Kwa kozi hii ni lazima ayasome yote matatu. Mwaka jana alikuja msichana mwenye mikono myepesi kweli kweli. Aliacha fizikia. Ilibidi arudi nyuma akaisome upya, na bado anaisoma."

"Lakini huyu alama zake ni za katikati."

"Za katikati atazipandisha. Somo asilolisoma hawezi kulipandisha." Akamgeukia Maswali. "Ila wewe usidhani kupenda kunatosha. Nusu na kidogo juu haikufikishi hapa. Jumamosi uje na madaftari, tuanze na hayo mambo ya uzito."

Shuleni walimkuta mwalimu wa taaluma akifunga bunda la karatasi kwa kamba. Mama alitweta, akaomba kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja, akikaza mkono kama anayeshona kitufe cha koti.

"Una uhakika, mama?" mwalimu aliuliza. "Wiki hii wazazi wamenijia wengi, wote wanataka wasichana wao watolewe fizikia. Sijui wameambiwa na nani."

Mama alishusha kalamu. Kati ya hao wazazi, wawili alikuwa amewaambia yeye, katikati ya kupima mabega.

"Naomba usizipeleke leo karatasi zao, mwalimu, hadi niwaone."

"Jumatatu. Zaidi ya hapo siwezi."

Walipotoka, Maswali alikuwa akiruka ngazi. Mama alishika njia ya kwenda kwa wale wawili, akawaambia waende wakaulize. Na hadi leo, mzazi mwenye mtoto anayechagua masomo hatoki dukani kwake na gauni tu. Anaambiwa na haya ya kuepuka:

Usimtoe mtoto kwenye somo kabla hujauliza kozi anayoitaka inadai masomo gani.

Usichukue ushauri wa mtu bila kujua yeye alisomea nini.

Usichague somo kwa sababu tu alama zake ni nzuri leo.

Usiache somo kwa sababu alama zake ni za katikati leo.

Usimwambie mtoto kupenda kunatosha.

Usingoje Ijumaa.

Usipitishe habari ambayo wewe mwenyewe hujaiulizia.