Nusu ya Wifi

Nilipanda ngazi mbili mbili, karatasi kwapani, nikichekacheka njia nzima kama chizi. Majibu yalikuwa yametoka.

Kaka yangu alikufa mwaka jana kwa mafua. Ndiyo, mafua haya haya. Wiki ile tuliugua nyumba nzima. Mimi nilikohoa siku tatu, Mama hakuacha hata cherehani yake, mtoto wa kaka akapata kamasi tu. Kaka, mwanamume wa kubeba mtungi wa gesi kwa mkono mmoja, siku ya sita mapafu yakagoma.

Na kwa kuwa wifi yangu ni karani wa mapokezi zahanati, anakoholewa usoni kutwa, Mama akawa ameshapata wa kumbebesha lawama. Alisema mbele ya wafiwa wote kwamba damu yetu haina ugonjwa, damu ya kuja ndiyo imeleta. Matanga hayajaanuliwa, wifi yuko nje na begi lake. Mtoto alibakizwa, eti asije akammaliza na huyu. Tangu hapo wifi anamwona mwanawe Jumapili tu, kupitia nondo za dirisha la koridoni.

Sasa mimi nasoma mambo ya maabara chuoni, na mwalimu wangu alikuwa anatafuta familia kama yetu, wameugua wote akafa mmoja. Damu ya kaka ilikuwa bado imehifadhiwa hospitali. Sisi tukatoa zetu, mtoto pia, na Mama ndiye aliyekunja mkono wa gauni wa kwanza. Wapime, alisema, waone damu safi ilivyo.

Basi nikamweleza Mama pale kwenye cherehani yake, maneno yanagongana mdomoni. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Kuna jeni ambayo kazi yake ni kupiga kengele kirusi kikiingia mwilini, kinga iamke. Nakala moja ikiwa mbovu si neno, mwenzake anapiga. Kaka zote mbili zilikuwa mbovu. Yaani mwizi kaingia, nyumba nzima imelala. Hata mimi ningeweza kumletea mafua yale kutoka kwenye basi, na yangekuwa yale yale.

"Kwa hiyo si wifi, Mama," nikamalizia, meno yote nje.

Mama hakutoa mguu kwenye kanyagio mpaka mshono ulipofika mwisho. Alikuwa anamshonea mtoto shati la shule.

"Hizo mbovu mbili alizitoa wapi?"

Kicheko kikaniishia. Njia nzima nilikuwa nawaza furaha ya wifi, sikukumbuka kwamba mbovu mbili zina wenyewe.

"Moja kwa marehemu Baba."

"Na ya pili."

Nikainama kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Kumsafisha wifi yako hukuwa na kigugumizi," alisema. Kisha akauliza kuhusu mjukuu wake, ambaye yeye kwa utani wa bibi humwita "mume wangu". Nikasema huyo hana shida, ana mbovu moja tu, ya kaka. Nzima ndiyo inayomlinda.

"Nzima kaitoa kwetu?"

"Kwa mama yake."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba, akasifu ugumu wake. Halafu akachukua mkasi mkubwa na kuikata taratibu, duara la shingo, ncha mbili, mpaka majibu yetu yakawa kielelezo cha kukatia kola.

"Nani mwingine ameyaona?"

"Nimempigia wifi kwanza, nikiwa bado getini chuoni. Nikamtumia na picha. Yuko njiani, Mama. Anakuja kumchukua mwanawe."

Akaweka mkasi chini. Nilitegemea matusi, au kilio. Hata neno moja la pole kwa wifi ningeshukuru. Mama aliiweka ile kola ya karatasi juu ya kitambaa, akaibana kwa pini.

"Mwite mume wangu nimpime mabega," alisema. "Asiondoke na shati halijaisha."