Kiti cha Hattie na Kombe la Waongo

Kila mwezi wa Machi, theluji inapoanza kugeuka tope, kikosi cha zimamoto cha mji wetu hufanya shindano la uongo. Kanuni ni moja: atakayebainika amesema kweli anatolewa. Kombe nimelichukua mara sita. Mara ya mwisho nilieleza jinsi lori langu la maziwa lilivyoteleza kwenye barafu maili tisa bila kugusa breki, na nilipofika kiwandani maziwa yalikuwa yameshakuwa jibini, na mashimo yake yote.

Kwa hiyo Hattie alipoanguka, mimi ndiye shahidi ambaye hakuna aliyemtaka.

Hattie ni mjukuu wangu, ana miezi kumi. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mwanangu alikuwa safarini, na mkewe, Corinne, alikuwa amemkalisha mtoto kwenye kiti kirefu cha kulishia chenye miguu ya kukunja. Mimi nilikuwa mezani, napaka mkate siagi. Nilimwona Corinne akiufunga mguu wa kiti kwa komeo lake, na nikasikia likilia: tak! Alipogeuka kuchukua kijiko, mguu wa mbele ukajikunja. Kiti kikapiga magoti kama ng'ombe anayetaka kulala, na Hattie akaenda nacho chini. Mkono ulivunjika chini ya kiwiko.

Tuliiandikia kampuni iliyotengeneza kiti. Majibu yakaja kwa lugha tamu kuliko asali: kiti ni salama kabisa mtu mzima akifunga komeo ipasavyo. Wakaomba tuikate miguu miwili kwa msumeno, tupige picha, kisha watatuletea kiti kipya.

Nilimkuta Corinne gereji, msumeno mkononi.

"Nishikie hapa, baba."

"Unafanya nini?"

"Sikukifunga. Wenyewe wamesema."

"Wenyewe walikuwa jikoni kwetu?"

Akaanza kulia. Tangu siku ile alikuwa hambebi mtoto peke yake. Hata kumpeleka kuoga alikuwa ananiita nisimame mlangoni, kana kwamba mikono yake ndiyo iliyovunjika. Mwanangu alipopiga simu, Corinne alimwambia, "Kosa ni langu, Dale. Ni langu tu."

Nikamnyang'anya msumeno. "Hiki kiti ndicho shahidi pekee ambaye hawawezi kumwita mwongo. Ukikikata, nitabaki mimi. Unataka nibaki mimi?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nikajua bado tupo.

Basi nikaanza kazi. Nilipiga picha bawaba, komeo, na ile karatasi iliyobandikwa chini ya kiti yenye namba na tarehe ya kutengenezwa. Nikaandika saa, nani alisimama wapi, mtoto alikuwa amevaa nini. Nikaomba nakala ya maelezo ya daktari. Halafu nikanunua jibini la ratili ishirini, uzito wa Hattie kamili, nikalivika sweta yake ya njano, nikalikalisha.

Nilifunga komeo na kukitikisa kiti mara thelathini. Hakikuanguka hata mara moja. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa amekiosha. Kitabu chao wenyewe kinasema kioshwe kwa maji ya moto. Nikakiosha, nikarudia mara thelathini nyingine. Kilianguka mara nne. Kipini cha plastiki kinachoshikwa na komeo kilikuwa kinalainika kwa joto. Komeo linalia tak vilevile, lakini limeshika hewa.

"Limelia, baba!" Corinne akasema. "Umelisikia? Limelia kabisa!"

"Nimelisikia. Nimeliandika."

Jibini lilipasuka katikati. Shahidi huyo tulimla na biskuti.

Taarifa niliituma kwa ofisi ya serikali inayopokea habari za vitu vinavyoumiza watoto. Utaratibu ni kwamba kampuni huipata kwanza, ijibu, kabla haijawekwa wazi kila mtu aisome. Na kampuni ilijibu. Ilisema maelezo hayaaminiki, ikaambatisha ukurasa wa gazeti la mji wetu: mimi nimekumbatia kombe, meno yote nje, na maneno makubwa juu yangu, MWONGO MKUU KWA MARA YA SITA. Ofisi ikaniuliza kama nina ushahidi zaidi, nikapewa siku kumi.

"Wamekujua, baba," Corinne akasema kwa sauti ndogo.

"Wamenijua? Basi wajue pia kwamba shindano ni Jumamosi."

Jumamosi mchana ukumbi wa zimamoto ulijaa hadi mlangoni. Nilipanda jukwaani na kiti cha Hattie. Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Lyle, leo kiti kimeruka hadi mwezini?" mtu akapiga kelele.

"Subiri, utakuja kulia," nikamjibu, nikavaa miwani na kusoma taarifa yangu kama nilivyoituma. Tarehe. Saa. Namba ya kiti. Walicheka nilipofika kwenye jibini lenye sweta. Nilipofika kwenye maji ya moto, kicheko kikapungua. Nilipofika kwenye barua ya kampuni, ilisikika mashine ya kahawa tu.

Renata Pflum, anayeoka mikate pale kona, akasimama. "Changu kilifanya hivyohivyo. Mwanangu alipasuka mdomo. Nilidhani sikukifunga."

"Chetu pia," akasema Arlys, mke wa fundi wa matrekta. "Kilituangukia mara mbili. Mume wangu akakitia mafuta, tukakiuza uani tulipokuwa tunauza vitu vya zamani."

"Arlys! Mlikiuza kwangu!"

"Najua, mpenzi. Namwambia mume wangu kila siku, tumwambie Renata. Anasema mafuta yametosha."

"Mafuta nitayamwagia kichwani mwake!"

Ukumbi ukalipuka. Duane Sobczak, mkuu wa zimamoto na mwamuzi wetu, akagonga meza kwa kofia yake ya chuma. Aliinama na wenzake wawili, wakanong'ona.

"Lyle Brandvold," akatangaza, "umetolewa. Umesema kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ni aibu kubwa kwa mtu wa cheo chako."

"Niandikie hayo, Duane."

"Nini?"

"Niandikie. Kwenye karatasi ya zimamoto. Na muhuri."

Aliniangalia, akamwangalia Corinne aliyekuwa mstari wa mbele, akaandika, akagonga muhuri mara mbili.

Jumatatu tulikwenda maktaba, mimi na akina mama watatu, kutumia kompyuta zao ili kila mmoja ajaze taarifa yake kwa ile ofisi ya serikali. Renata alibeba namba ya kiti chake imeandikwa kwenye mfuko wa unga. Arlys aliandika jina la mumewe na mafuta yake, bila huruma. Mimi niliambatisha karatasi ya Duane chini ya picha yangu na kombe, ili wazisome pamoja.

Tukiwa pale simu yangu ikalia. Ilikuwa kampuni. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliuliza kama tumeshakikata kiti, maana kipya kiko tayari.

"Kina miguu yote minne, mama," nikamwambia. "Njooni mkitazame. Leteni na jibini."

Nilipogeuka, Corinne alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, Hattie mapajani, ule mkono wenye plasta ngumu ukigonga meza. Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto ili aandike vizuri.

"Mwache," akasema. "Nimemshika."

Alikuwa amefika kwenye swali la komeo. Kwa kidole kimoja, taratibu, akaandika: Nilikifunga.

Akabonyeza kutuma.