Tarumbeta Iliyowahi

Mchana wa Ijumaa, chakula kimeshuka vizuri, Bi Zamoyoni anajilaza mkekani na redio juu ya tumbo. Kipindi cha zilipendwa kinalinganisha bendi zilizorudia Usifunge Dirisha, wimbo aliopigia tarumbeta marehemu mumewe, Mwinyikai. Mtangazaji anasema ule wa mwanzo kabisa hatunao, ulichezwa redioni miaka, kisha mkanda ukafutwa. Ulifutwa kama ubao wa darasa la pili, Bi Zamoyoni anamjibu, na macho yanamwelemea, tumbo linashuka, redio inashuka, mkeka unakuwa barabara.

Barabara haina mwisho, na pande zote mbili ni mji mmoja unaojitazama kama kiooni, na kila nyumba inapiga wimbo uleule. Anatembea, au barabara ndiyo inayotembea. Mbele yake anakwenda mtu mwenye kofia nzuri, na chini ya kofia hamna uso, laini kama yai. Bwana kofia, nionyeshe anapopigia Mwinyikai. Nyumba ya wimbo ndiyo isiyo na wimbo, anajibu yule mtu. Loo, mdomo huna na upuuzi umekujaa, ungekuwa nao ingekuwaje? Wanapita bendi ya harusi, inaukimbiza wimbo kana kwamba pilau inapoa. Wanapita kinanda cha hoteli, kimeupaka mafuta mpaka unateleza. Wanapita vijana wa kompyuta, wameutia ngoma nzito, mabati yanatetemeka. Na kote, ubeti wa tatu, tarumbeta inaingia kabla mwimbaji hajamaliza. Kote! Wanadhani ni ufundi. Bi Zamoyoni anacheka, kisha anaacha, maana siku ile ya kurekodi, bendi nzima imezunguka maikrofoni moja, wimbo unapigwa mara moja tu, hakuna kurudia, ni yeye aliyesimama nyuma ya kioo cha studio akamtolea mumewe ulimi. Mwinyikai akacheka ndani ya tarumbeta, akawahi. Kosa wameliiga wote, kicheko hakuna aliyekiiga. Na kicheko hicho, miaka kumi na tisa tangu amzike, hata yeye hakisikii tena kichwani.

Nyumba ya mwisho iko kimya. Nyuma ya kioo yuko Mwinyikai, kijana, shati la bendi, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, anamtazama. Mbona hapigi? Anakungoja wewe, anasema asiye na uso, na kisichopigwa hakijaisha. Hilo Bi Zamoyoni analielewa mara moja, bora asingelielewa. Anafumba mdomo, ulimi asiutoe. Anasimama, anasimama, barabara inapita chini ya miguu yake na kurudi, na yeye anamtazama tu mume wake, anashibisha macho. Lakini mashavu yale yanaanza kutetemeka. Utapasuka, bwana wee, utapasuka. Machozi yanamtoka, na huku yanamtoka anatoa ulimi, wote.

Anafumbua macho. Redio imekwisha betri. Mlangoni amesimama jirani yake, Bi Hadiya, na bakuli mkononi. Wee Zamoyoni, mtu mzima na ulimi nje, unamtolea nani? Na huyo mwanamume aliyecheka humo chumbani ni nani? Bi Zamoyoni kwanza anainua kichwa, polepole, anachungulia chini ya mtandio wa jirani yake, aone kama ana uso.